Safu ya Mwisho katika Daftari la Mama Apolline

Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba 2023, Mama Apolline Feza anastaafu baada ya kuitumikia Redio Kando ya Ziwa kwa miaka ishirini na minne. Aliingia Septemba 1999 akiwa mpiga chapa, na anatoka akiwa fundi wetu wa kompyuta, wa pekee tuliyewahi kuwa naye. Jumatatu atapanda boti bandarini Kalundu kwenda Kalemie, anakoishi binti yake Blandine. Tumebakiwa na siku chache za kumwambia tulichonacho moyoni, na mimi ninacho kingi kuliko wengine.

Mimi ni Domitille, msomaji wa matangazo ya asubuhi. Directeur wetu, yaani mkurugenzi, Bwana Bonaventure, alinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, alisema, nina maneno mengi. Ni kweli ninayo. Lakini yapo machache ambayo nimeyanyamazia miaka sita, na lazima yaingie katika ukurasa huu kabla Mama Apolline hajaondoka Uvira akibeba kosa ambalo si lake. Msomaji anivumilie, nitaanza na yaliyo mepesi.

Alipoajiriwa, redio ilikuwa na vyumba viwili, mashine moja ya kupigia chapa na kaseti zilizojaa vumbi. Apolline alipiga chapa kwa kasi kiasi kwamba wasomaji wa habari walimwomba apunguze, kwani karatasi zilikuwa zinafika studio kabla wao hawajamaliza chai. Mwaka 2005 ilipoletwa kompyuta ya kwanza, wanaume wote wa kitengo cha ufundi waliizunguka kwa heshima na hakuna aliyethubutu kuiwasha. Yeye alichukua kitabu cha maelezo, akakisoma kwa Kifaransa kutoka jalada hadi jalada wakati wa mapumziko, akaja akabonyeza kitufe. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena ni nani fundi.

Redio ikampeleka Bujumbura kwa mafunzo ya majuma matatu. Alirudi na bisibisi moja, cheti kimoja na hubiri ambalo sote tunaweza kulikariri. Hubiri lenyewe ni fupi: kuondoa kirusi ni kazi ya asubuhi moja, kazi hasa ni kile kinachobaki. Sisi wengine tukiona programu ya kusafisha imeandika kwamba mashine ni salama, tunapiga makofi na kurudi kwenye shughuli zetu. Yeye ndipo anapovuta kiti. Kila mtu anaondoka akifurahi, na yeye anabaki peke yake na mashine iliyopona nusu.

Mifano tunayo. Mwaka 2011 kirusi kilichoondolewa kwenye kompyuta ya kurusha vipindi kilikuwa kimerudisha saa ya mashine nyuma miezi saba. Hakuna aliyetazama. Tarehe 25 Julai, saa kumi na mbili asubuhi, mji mzima ukaamshwa kwa nyimbo za Noeli na salamu za heri. Mama mmoja wa Kalundu alipiga simu kuuliza kama mwaka huu Noeli zimekuwa mbili, kwani kuku wake alikuwa mmoja tu. Mama Apolline alirekebisha saa, akampigia yule mama mwenyewe kumwomba radhi, na kuku akaishi hadi Desemba.

Mara nyingine kompyuta ya secrétariat, ofisi ya makatibu, ilisafishwa ikawa safi kabisa, lakini kila ukurasa wa intaneti tuliofungua ulitupeleka kwenye duka la viatu lisilojulikana. Bwana Bonaventure alidhani kirusi kimerudi akataka mashine itupwe. Mama Apolline alimweleza kwamba mwizi ameshaondoka, ila kibao cha njia alichokigeuza bado kinaelekeza kwake. Akafungua mipangilio, akafuta mstari mmoja, akafunga. Directeur alivitazama viatu vikitoweka kwa huzuni kidogo; inasemekana jozi moja ilikuwa imempendeza.

Kila tatizo aliliandika katika daftari. Madaftari yapo saba, yote yamefunikwa kwa karatasi za kalenda za zamani. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili mashine, ya tatu kilicholeta kirusi, ya nne kilichobaki kibovu baada ya kusafisha. Safu ya tano, ya mwisho, ina neno moja tu: Imeisha. Neno hilo hakuliandika siku ya kutengeneza, hata mashine ikiwa inaruka kwa furaha. Alimwambia mwenye mashine: «Minye siko nafunga kazi ya muntu. Weye tumikisha mashine yako juma moja, kisha urudie uniambie kama iko sawa.» Mtu akirudi na kusema iko sawa, ndipo kalamu inapotoka. Wengi walisahau kurudi, naye akawafuata hadi kwenye viti vyao, daftari kwapani, kama mwalimu anayedai kazi ya nyumbani. Kwa miaka yote hii nimeshuhudia watu wakijificha chooni kwa sababu hiyo, na Bwana Bonaventure ni mmoja wao.

Ubunifu wake mkubwa uko mlangoni na kila mgeni anauona. Hapa kwetu mtu akifiwa, redio ndiyo inayotangaza nani amefariki, kilio kiko mtaa au avenue gani na mazishi ni saa ngapi. Zamani ndugu walileta karatasi. Siku hizi wanaleta clé, kile kidude kidogo cha kubebea mafaili, ikiwa na tangazo na nyimbo za kwaya, na clé hiyo imeshapita kwenye kila cyber ya mji ikiokota virusi njiani. Mtaalamu yeyote angeshauri tusipokee clé za watu. Lakini nani atamwambia mtu mwenye machozi kwamba clé yake ni chafu? Katika mkutano ambapo jambo hili lilijadiliwa, wengine walitaka tuandike katazo kubwa ukutani. Mama Apolline alikataa.

«Muntu iko na kilio, hauwezi mukatalia clé yake,» alisema. «Tutainawisha.»

Akachukua kompyuta kuukuu isiyounganishwa na nyingine yoyote, akaiweka mlangoni, kando ya ndoo ya kunawia mikono iliyobaki tangu siku za kipindupindu. Mgeni ananawa mikono, clé yake inanawishwa, kisha vyote viwili vinaingia ndani. Hakuna mfiwa aliyewahi kuona aibu. Walitoa clé zao bila kufikiri, kama walivyotoa mikono.

Sasa nifike ninakopaswa kufika. Jumatano, tarehe 17 Mei 2017, mfiwa alikuwa mimi.

Mama yangu alifariki kwetu Sange alfajiri. Nilikuja redio na tangazo kwenye clé yangu mwenyewe. Kwenye mashine ya mlangoni hapakuwa na mtu. Mama Apolline alikuwa uani akifunga betri za sola. Ningeweza kumsubiri dakika tano. Badala yake nilipita, kwani mimi si mgeni, nikaingia studio, nikaichomeka clé kwenye kompyuta kubwa kwa mkono wangu, nikasoma tangazo la mama yangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kisha nikaenda Sange kulia.

Kompyuta ile ndiyo iliyotunza kitu ambacho redio hii inakionea fahari kuliko vyote: sauti za wazee wa mwambao na wa bonde la Ruzizi, zilizorekodiwa kwa miaka tisa, mazungumzo mia nne na kumi na mawili, kwa Kivira, Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili. Wengi wa wazee hao hawapo tena. Nakala ya akiba haikuwepo. Diski tuliyoahidiwa kwa kazi hiyo haikufika.

Virusi vya clé kwa kawaida huficha mafolda tu, na Mama Apolline huyafichua kabla chai haijapoa. Hiki nilichokileta kilikuwa cha aina nyingine. Kilifuta mafaili na kuacha majina yake kwenye skrini, kama vibao vya milango vilivyobaki vimesimama baada ya nyumba kubomoka. Alhamisi asubuhi watu waliona majina yote mahali pake. Mama Apolline akasafisha. Kirusi kikatoka, na majina yakatoka pamoja nacho. Diski ikawa tupu mbele ya macho ya watu watano, na hukumu ikatolewa pale pale: kabla hajagusa, sauti zilikuwepo, alipogusa, hazipo.

Alieleza mara moja tu, kwamba kirusi kilikuwa kimeshazifuta kabla yeye hajagusa. Bwana Bonaventure, aliyewarekodi nusu ya wazee wale yeye mwenyewe, aliuliza mbele ya wote kama kuna clé iliyoingia studio bila kupita mlangoni, na ni ya nani. Mama Apolline akajibu kwamba atakapokuwa na la kusema atasema. Nilihadithiwa hayo baadaye. Siku ile nilikuwa Sange, juu ya mkeka, nimezungukwa na shangazi zangu.

Niliporudi baada ya juma moja, nilimkuta amenyang'anywa ufunguo wa studio na kuhamishiwa chumba cha nyuma, kando ya ghala la nyaya. Niliposikia kwamba kirusi kimeingia studio na sauti hazipo, nilielewa kila kitu kabla sijaweka mkoba chini. Ningeweza kusema siku ile. Niliogopa, basi, sina neno zuri zaidi. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho zilipokuwa nyingi nikajiambia kwamba jambo limeshakuwa la zamani, na kulifukua ni kuwasumbua watu.

Wasomaji wetu wa nje wajue kwamba hapa redioni tunakula mchana pamoja, kibarazani, kwenye meza moja: bugali, sombe ya majani ya muhogo, ndagala za ziwani, kila mtu na alicholeta. Hakuna aliyemfukuza Mama Apolline mezani. Ila alipofika maneno yalipungua, na mtu mmoja au wawili wakakumbuka kwamba wana kazi. Siku ya nne hakuja. Akaanza kula chumbani kwake, mlango ukiwa wazi kidogo, na tukazoea. Mume wake alikuwa ameshafariki, Blandine alikuwa ameshaolewa Kalemie, kwa hiyo mama huyu alitoka kwenye nyumba tulivu ya mtaani Rugenge asubuhi akaja kukaa kwenye chumba kitulivu cha redio, kisha akarudi Rugenge. Nilipita mbele ya mlango ule kila siku. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akauliza habari za watoto wangu kwa majina yao. Kitu kingine hakuniuliza kamwe. Nilipokuwa nikiondoka nilihisi mgongo wangu mzito hadi nifike kona.

Na kule nyuma akafanya kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kumpa, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Faili likifutwa halipotei papo hapo. Kwa subira na programu nzuri unaweza kulifukua kutoka kwenye diski. Tatizo ni kwamba linarudi bila jina. Alizipata sauti mia tatu tisini na moja, kila moja ikiwa na namba tu. Hapakuwa na njia nyingine ya kujua nani ni nani ila kusikiliza, moja baada ya nyingine, tangu mwanzo, mpaka mzee ajitaje, au ataje kijiji chake, au mtoto wake, au mwaka ambao mto ulihama. Zilizokuwa za Kirundi alizisikiliza na Generose, mwenzetu wa Bwegera, siku ambazo Generose hakuwa na zamu. Generose anasimulia kwamba ilifika wakati Mama Apolline akawa anawatambua wazee kwa kikohozi, kabla hawajasema neno.

Waliopita mbele ya mlango wake walimsikia akijibu. Akiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni, peke yake, alisema: «Ndiyo, baba,» kisha baada ya kitambo: «Pole, mama, pole sana.» Tulichekea hilo kibarazani. Tulisema upweke umemkamata. Ulikuwa umemkamata kweli, na tuliompa ni sisi.

Aprili 2020, maji ya mafuriko yalipofika hadi dirishani mwa redio, wengine tuliokoa viti na magodoro. Yeye alitoka na diski ile ndani ya sufuria, kifuniko kimefungwa kwa kamba, sufuria iko kichwani, akavuka ua maji yakiwa kiunoni. Alikataa kupokelewa. Machi mwaka huu alikabidhi sauti zote, kila moja na jina lake, kijiji chake na tarehe yake. Ishirini na moja hazikurudi na hazitarudi, na orodha ya wenyewe ameibandika ndani ya kabati ili tusiwasahau. Kipindi kikarejea hewani, simu zikapigwa kutoka Sange, Bwegera na hata ng'ambo ya ziwa. Sisi tukasema, vizuri, amerekebisha alichoharibu. Ndivyo tulivyomshukuru.

Majuma mawili yaliyopita nilikwenda chumbani kwake kuomba tarehe za kuandikia wasifu huu. Aliniwekea madaftari kwenye mfuko, akanitazama kidogo, akasema: «Chukua yote saba, Domi. Usiache hata moja.»

Katika daftari la tano nilikuta mstari huu kuhusu kompyuta ya studio, kwa mwandiko wake uliosimama wima:

«17/5/2017. Ordinatère ya studio. Clé ya Domitille, tangazo ya kilio ya mama yake. Musimuulize, iko mu kilio. Atarudia mwenyewe.»

Kila clé huacha jina lake kwenye mashine inakochomekwa. Yangu, ndani ya kompyuta, nilikuwa nimeipa jina langu mwenyewe, kwa herufi kubwa, ili isipotee. Alijua tangu siku ya kwanza. Alipoulizwa mbele ya wote, alijua. Alipovua ufunguo wa studio shingoni akaukabidhi, alijua, na kila asubuhi aliponiuliza habari za watoto, alijua. Na safu ya mwisho ya mstari ule ni tupu. Nilifunua madaftari yote saba, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mstari mwingine ambao haukufungwa. Haupo. Huyu aliyewafuata watu hadi chooni kwa ajili ya neno moja, mimi peke yangu hakunifuata. Nililia pale mezani, na waliodhani nalilia kustaafu kwa mwenzangu niliwaacha waamini hivyo kwa siku moja ya mwisho.

Bwana Bonaventure amesoma ukurasa huu kabla haujachapwa. Alisema tu: «Na minye ndiye nilimunyanganya ufunguo.» Kisha akaagiza uchapwe kama ulivyo. Nimeona ameuchukua ule ufunguo kutoka kwenye droo yake na kuutia mfukoni. Ya kwake atayasema mwenyewe Ijumaa.

Kwa hiyo wafanyakazi wote, wa zamani na wa sasa, na wasikilizaji waliolisikia jambo hili nusu, wajue hivi: Mama Apolline Feza hakufuta sauti za wazee. Kirusi kilichozifuta nilikiingiza mimi, Domitille, kwa haraka yangu. Yeye ndiye aliyezirudisha, peke yake, huku akibeba lawama iliyokuwa yangu, kwa sababu nilikuwa na kilio na hakutaka niulizwe.

Mama Apolline, tunakushukuru kwa miaka ishirini na minne, kwa kila mashine uliyokaa nayo baada ya sisi kuondoka, kwa kuku wa Kalundu, na kwa wazee uliowaitikia tulipokuwa tukicheka. Ijumaa meza itawekwa kibarazani saa sita, na kiti chako cha upande wa ukuta hakitakaliwa na mtu mwingine. Huko Kalemie tunakuombea nyumba yenye kelele, wajukuu wanaobishana, majirani wanaoingia bila hodi, na mchana wowote usile peke yako. Uishi vyema, mama yetu.

Limebaki la daftari la tano. Ulisema mtu arudi baada ya juma moja. Mimi nimerudi baada ya miaka sita. Kompyuta ya studio iko sawa. Ijumaa nitakuja na daftari pamoja na kalamu, nikuombe radhi mbele ya waliokuhukumu. Safu ya mwisho sijaigusa, maana ni ya mkono wako. Ukiona bado, usiandike. Nitapanda boti nije Kalemie kukuuliza tena.